Chupa Ambayo Haikufika Maabara

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyote mliosimama nyuma kwa kukosa viti, naomba mnisikilize, na wale mlio na karatasi iliyogawiwa getini naomba muikunje muiweke mfukoni, kwa sababu historia iliyomo humo imetungwa na kaka yetu mkubwa, nami nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu kama ninavyosahihisha insha za darasa la tatu, na katika kurasa mbili nimekuta ukweli kwenye tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, yaliyo katikati mengi ni utunzi. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, mwalimu kwa kazi, na ndiye niliyemlisha kwa mrija siku tisini na moja za mwisho. Ninachosoma nakijua.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, ambako baba yetu alikuwa mlinzi na mama yetu alikuwa akishona magunia, na alizaliwa mzima, mwenye sauti, akalia hadi wapakiaji wa ghalani wakaja dirishani kuuliza kuna nini. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza mwaka 1984, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1985 na kuhitimu mwaka 1988, na kote huko alijulikana kwa mwandiko, mwandiko wa duara, uliosimama wima, kiasi kwamba walimu walimpa madaftari ya darasa zima aandike majina juu. Mwaka 1989 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea ushonaji, na mwezi Novemba 1990 akapata cheti cha daraja la kwanza, ambacho alikitundika juu ya cherehani yake na kukifuta vumbi kila Jumatatu.

Tarehe 7 Januari 1991 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, cherehani kumi na nne na pasi mbili za mkaa, na hapo alifanya kazi miaka kumi, mpaka Januari 2001, alipoanza kushonea nyumbani kwake, kwenye chumba cha mbele, akiwa na cherehani mbili na meza ya kukatia. Wenzake walio hapa ni mashahidi kwamba dada alikuwa na uwezo wa kubana pini kumi na moja mdomoni, upande wa kushoto, na bado akamgombeza mtoto wa mteja asimame wima aache kujinyonganyonga, na hakuna aliyewahi kuchomwa, wala hakuna neno alilosema ambalo halikueleweka.

Tarehe 7 Desemba 1996 aliolewa na fundi wa magari, mtu mpole mno, ambaye kabla ya kuposa alileta suruali ileile mara nne ipunguzwe urefu, hadi dada akamwambia hiyo sasa ni kaptula, sema unachotaka. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1998, huyu mnayemwona amekaa mstari wa mbele na kitambaa cheupe mkononi. Shemeji yetu alifariki tarehe 19 Oktoba 2006, jeki ilipoteleza akiwa chini ya lori, na tangu siku hiyo kaka yetu, ambaye kila mtu humwita Mwenyekiti kwa kuwa hakuna kamati asiyoiongoza, ikiwemo kamati ya msiba huu, alichukua nafasi ya baba kwa mtoto yule, akampeleka shule kila asubuhi kwa miaka sita, akamfunga kamba za viatu, akamsimamia masomo, na hilo sitamnyima, kwa sababu ni la kweli, na pia kwa sababu ndilo linaloifanya habari hii kuwa mbaya kuliko ilivyotakiwa kuwa.

Ugonjwa wa dada ulianza kwa pini. Mwezi Februari 2011, akiwa anapima sketi, pini zilianza kumdondoka, akadhani ni uchovu, akazihamishia upande wa kulia, halafu akagundua kwa ulimi kwamba magego mawili ya chini upande wa kushoto yameachana, na fizi imejaa. Tarehe 12 Aprili 2011 aling'olewa gego moja kwenye kliniki ya mtaani, uvimbe ukabaki, wakamng'oa la pili, uvimbe ukabaki, wala hauumi, na kutokuuma huko ndiko kulikomponza, kwa kuwa dada alikuwa mtu wa kazi, kisichomuuma hakikumpotezea siku.

Tarehe 9 Agosti 2012 mimi na kaka tulimpeleka hospitali ya wilaya, daktari wa meno akampiga picha ya eksirei, akatuonyesha kwenye mwanga jinsi mfupa wa taya la chini ulivyokuwa na matundu matundu kama povu la sabuni, akasema hawezi kujua ni nini mpaka nyama yake ipimwe, akamchoma ganzi, akakata kipande kidogo, akakitia kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia. Sasa naomba mlielewe vizuri jambo hili, maana hapa ndipo maisha ya dada yetu yalipokatikia. Hospitali ile haina maabara ya kupima nyama, hivyo utaratibu wao ni kwamba ndugu wa mgonjwa ndiye anayekabidhiwa chupa, anaipeleka mwenyewe hospitali kuu, safari ya saa mbili, na anarudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu. Nesi alimpa dada kalamu aandike kibandiko yeye mwenyewe, jina lake na tarehe, jina lisije likakosewa, na kaka akasaini kwenye daftari la makabidhiano kwamba amepokea. Kaka alikuwa karani mkuu wa ofisi ya maji, mtu aliyekuwa akijigamba kwamba tangu aajiriwe hajawahi kupoteza hata karatasi moja, akaiweka chupa kwenye mkoba wake, akamwambia dada, nenda ukapumzike, hili niachie mimi.

Tukamwachia.

Tarehe 30 Agosti 2012, saa kumi jioni, alikuja kwa dada na uso wa furaha, akatukusanya kwenye chumba cha mbele, akasema maabara hawakuona kitu, ni usaha wa jino tu, asukutue kwa maji ya chumvi, utakwisha wenyewe. Dada alilia kwa nafuu, sisi tukapiga vigelegele, na mimi nilimkumbatia kaka nikamwita mkombozi wa nyumba hii, kwa mikono hii hii iliyoshika karatasi hii.

Dada akasukutua. Mwaka 2014 uvimbe ulikuwa saizi ya limau, akageuza cherehani ili shavu la kushoto lielekee ukutani, na wateja wakawa wanazungumza na shavu zima. Mwaka 2016 nesi mmoja aliyeleta sare za wanawe alimsihi arudi hospitali, na hapo kaka aliitisha kikao cha familia, akasimama, akasema watu waache kumtia mgonjwa hofu, majibu yapo, anayo yeye, na anayetaka kumchoma dada visu bure aje aeleze sababu. Sote tukanywea, maana nani angebishana na mwenye majibu? Mwaka 2019 hakuweza tena kutafuna, akaanza kuishi kwa maziwa, supu na uji, na hata hapo hakuacha utani wake, uvimbe aliuita mpangaji, akisema mpangaji amehamia bila kubisha hodi, na sasa anadai chumba cha pili. Alishona hadi wiki ya mwisho ya Januari 2021, akiwa na kilo thelathini na nane.

Tarehe 1 Februari 2021 alianguka kwenye meza ya kukatia, na safari hii sikumwomba mtu ruhusa, nilimkodia gari hadi hospitali kuu, akalazwa, na daktari bingwa wa upasuaji wa taya, mwanamke mfupi mwenye haraka, akakata nyama akaipeleka mwenyewe maabara, ambayo iko ghorofa ya chini ya wodi. Majibu yalitoka tarehe 16 Februari. Daktari alinikalisha, akaniandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi, ameloblastoma, akanieleza kwa lugha ya kawaida kwamba kila mtu akiwa bado tumboni kwa mama yake anakuwa na chembe zinazotengeneza meno, kazi ikiisha chembe hizo hutulia, ila kwa watu wachache sana, bila kosa lao wala la wazazi wao, baadhi huamka ukubwani na kuanza kukua ndani ya mfupa, polepole, bila maumivu. Si saratani. Haisambai mwilini kama saratani. Hairithiwi. Si laana, si kulogwa, si adhabu. Akaniambia kwamba mwaka 2012, kwa ukubwa ule ulioonekana kwenye picha, wangekata kipande cha taya, wakatia mfupa kutoka kwenye nyonga, dada angelala wodini wiki tatu na kurudi kwenye cherehani yake, halafu akaniuliza kwa nini hatukuja, wakati kila kitu kilianza vizuri.

Nikaenda kulitafuta jibu. Tarehe 1 Machi nilifika hospitali ya wilaya, nikaomba faili, na ndani yake, kwa mwandiko wa daktari wa meno, imeandikwa hivi, nanukuu, majibu ya maabara ni salama, kwa maelezo ya mdomo ya kaka wa mgonjwa, karatasi ameiacha nyumbani. Tarehe 3 Machi nilishuka maabara ya hospitali kuu, mtunza daftari akanifungulia kurasa zote kuanzia Agosti hadi Desemba 2012, tukapitisha kidole jina moja baada ya jingine, jina la dada halimo. Nilimuuliza kaka, akasema makaratasi yalilowa mvua. Nikamuuliza mvua gani hiyo iliyonyesha ndani ya daftari la maabara, akanijibu kwamba mimi nimezoea kufokea watoto wa watu.

Tarehe 4 Aprili wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ameniruhusu kusema haya na amekaa pale kwa wanawake hajainamisha kichwa, aliniletea chupa. Aliikuta nyuma ya masanduku, juu ya kabati la nguo, ndani ya kiatu cha zamani, imeviringishwa gazeti la Agosti 2012, dawa imekauka, kipande kimeshikamana na kioo, na kibandiko kimeandikwa kwa mwandiko wa duara, uliosimama wima, jina la dada na tarehe.

Wapo watakaosema ni bahati mbaya, mtu huweza kusahau, na mimi nasema kusahau ningemsamehe, hata mimi huwa nasahau madaftari ndani ya basi. Wifi anakumbuka kwamba siku ile alikuwa na kikao, akasema atakwenda kesho, kesho ikawa na kikao chake, na baada ya wiki tatu, yeye ambaye hajawahi kupoteza karatasi, akaona haya kusema amechelewa. Sawa, ni haya, kila mtu anazo. Lakini siku hiyohiyo dada alikuwa mzima, nyama ilikuwa bado nyingi, daktari yupo, kisu kipo, angesema tu chupa sikuipeleka, wangekata nyingine kwa dakika kumi. Badala yake alitunga majibu, akayalinda kwa miaka minane na miezi minane, na kila dada alipotaka kurudi hospitali alimzuia, si kwa kuogopa visu, ila kwa kuogopa kuulizwa karatasi iko wapi. Alimtazama dada yetu akivimba, akala naye meza moja, yeye nyama, dada mrija, akanyamaza. Kaka, nakuchukia kwa hilo, na nalisema mchana huu mbele za watu ili baadaye asiwepo wa kusema nilisengenya.

Na wapo wanaomtetea kwamba hakusema uongo, kwa sababu kweli haikuwa saratani. Nawajibu kwa karatasi yake mwenyewe mliyoiweka mfukoni. Mwaka 2012, ilipomfaa isiwe kitu, haikuwa kitu. Leo, inapomfaa iwe kitu ambacho hakuna binadamu angekizuia, ameandika kwamba dada amefariki kwa saratani ya taya ya kurithi, iliyomuua pia bibi yetu. Bibi yetu alikufa kwa uzee, na meno yake alikuwa nayo, alikuwa akitufungulia soda kwayo.

Ningeweza kuucheka uongo huu kama usingekuwa na mtu unayemmaliza, naye ni mtoto wa marehemu. Tangu Februari mjomba wake alipomwambia kwamba ni saratani ya ukoo, binti huyu, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, kila asubuhi anasimama mbele ya kioo anajipapasa taya, amekonda bila ugonjwa, na amemwambia mchumba wake asitishe mipango ya ndoa kwa kuwa hataki kuzaa mtoto wa kumrithisha maradhi. Nimemwambia si kweli. Daktari bingwa amemwambia, akampiga picha, akamwonyesha mfupa wake ulivyo mzima. Anatusikiliza kwa adabu, halafu ananijibu kwamba sisi tunamfariji tu, mjomba ndiye hajawahi kumdanganya, mjomba ndiye aliyekuwa akimfunga viatu.

Tarehe 6 Aprili nilimpelekea dada chupa ile wodini. Alikuwa hawezi kuzungumza, aliisoma hati yake mwenyewe kwa muda mrefu, hakulia, akaniomba chaki yake ya ushonaji, ambayo alilala nayo chini ya mto, akaandika kwenye shuka la hospitali maneno matatu, mwambie mwanangu ukweli. Nimeulizwa na wazee wa familia kama aliandika pia kwamba amemsamehe kaka yake. Shuka lilikuwa na nafasi ya kutosha, chaki ilikuwa nzima, na hakuandika.

Upasuaji ulipangwa tarehe 12 Mei, wakisubiri mwili wake upate nguvu, tukamlisha kwa mrija kila saa mbili, akapanda hadi kilo arobaini na moja, tukashangilia. Tarehe 29 Aprili alipaliwa, maziwa yakaingia kwenye mapafu, ikawa nimonia, na Jumatatu tarehe 3 Mei 2021, saa nne asubuhi, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini, akiacha mtoto mmoja, cherehani mbili, na sare thelathini na tatu zilizokatwa ambazo wenzake wamezimalizia na kuzipeleka shuleni jana. Leo asubuhi, kabla ya jeneza kufungwa, mimi na wifi tumeiweka ile chupa ubavuni mwake, kwa sababu kilichomo ndani ni mwili wake, na mwili wake wote lazima uzikwe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari bingwa na wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliomhudumia bila kukunja uso, nashukuru mtunza daftari wa maabara aliyeacha chakula chake cha mchana anisaidie kupekua, nashukuru majirani wa pande zote mbili za ukuta, mafundi wa karakana ya zamani na wateja wake, hasa wale waliozungumza naye wakimtazama usoni, na namshukuru wifi yangu, ambaye kesho atahitaji mahali pa kulala, na kwangu kuna kitanda. Kama kuna niliyemsahau, aniwie radhi. Yule ambaye sikumtaja hajasahauliwa.

Kwenye ratiba, baada yangu kuna neno la familia kutoka kwa Mwenyekiti. Sitaki aombe msamaha, msamaha wake sina pa kuuweka, na sitaficha kwamba nataka aibu yake, nimeitaka tangu tarehe 4 Aprili, nimeila na kuinywa. Lakini mtoto huyu hamwamini mtu mwingine yeyote hapa duniani, na anachotakiwa kuambiwa ni sentensi mbili, kwamba chupa haikupelekwa, na kwamba mama yake hakuwa na saratani. Jeneza halitashushwa kaburini kabla hazijasemwa, wanaume walioshika kamba nimeshazungumza nao.

Dada yangu, kazi yako imekwisha, wewe pumzika kwa amani. Kaka, wewe simama, kipaza sauti hiki hapa, na mtoto anakutazama.